Vidole Viwili vya Mnyapara

Mguu wa kushoto wa Mnyapara una vidole vitatu. Majirani zangu wengi wa Kirumba wanalijua hilo, maana mwenyewe havai viatu vya kufunika isipokuwa siku ya Idi. Lakini viwili vilivyokosekana vilikwenda wapi, na kwa kosa la nani, kwa miaka sita tulijua watu wawili tu: yeye na mimi. Yeye alinyamaza kwa ustaarabu. Mimi nilinyamaza kwa woga, ambao kwa muda mrefu niliuita ustaarabu pia.

Tulimwita Mnyapara ingawa watu aliowasimamia walikuwa wawili, tena rika lake. Mmoja alishika kamba, tukamwita Bwana Kamba. Mwingine alishika jeki, na jina lake mtalikisia. Wote watatu walizeekea kwenye viwanda vya kuchambulia pamba, wakifunga na kufungua mashine, na viwanda vilipopungua wakaingia mtaani kuhamisha vitu ambavyo watu wengine walivitazama tu na kushika kiuno: mashine za kusaga, jenereta, majokofu ya samaki ya kule soko la Mwaloni, na safari moja sefu ambayo mwenyewe alikuwa amepoteza ufunguo na hajui ndani mna nini.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nyumba yangu iko kwenye mteremko, juu kidogo ya Mwaloni, mahali ambapo upepo ukigeuka unakula chakula chako na harufu ya dagaa. Nilijenga banda la gari kabla ya kununua gari, na gari halijaja hadi leo. Kuku ndio waliohamia. Kisha nikasikia karakana moja inafungwa, inauza mashine ya kukereza vyuma, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Nilikuwa nimefundisha juu ya mashine za namna hiyo miaka ishirini bila kumiliki hata moja. Nikainunua siku hiyo hiyo. Uzito wake ulizidi tani moja. Mke wangu aliuliza maswali mawili: ya nini, na itapita wapi. Swali la pili ndilo lililonipeleka kwa Mnyapara. Swali la kwanza bado nalifanyia kazi.

Alikuja siku moja kabla, amebeba birika la plastiki. Alimwaga maji kidogo pale barabarani, akachuchumaa, akatazama yanakoelekea. Akasogea hatua tatu, akamwaga tena. Akaenda hivyo hivyo hadi mlangoni pa banda, huku mke wangu akimwangalia kutoka jikoni.

"Anazindika nyumba?" akaninong'oneza.

"Anatafuta mteremko," nikamjibu.

"Vyote viwili, mama," Mnyapara akasema bila kuinua kichwa.

Aliamuru kuku watoke. Kisha akagonga sakafu kwa mtaimbo, hapa na pale, ameinamisha sikio. Akaniuliza saruji ilikwenda mifuko mingapi. Nikamtajia kwa kujiamini. "Hiyo ni uliyonunua," akasema. "Mimi nakuuliza iliyoko chini." Nikakumbuka fundi wangu alivyomaliza ukuta wa nyumbani kwake mwaka ule ule. Mnyapara akaagiza mbao nene za kulaza pale ambapo miguu ya mashine ingesimama, ili uzito usambae.

Kwake yeye kila mzigo ulikuwa mgonjwa. Hakusema hivyo kwa kuchekesha. "Mgonjwa wako ana uzito upande wa kichwa," aliniambia alipoiona mashine kule karakana, na ni kweli, mota na gia zote zimejazana upande wa kushoto, ukiinyanyua katikati inapinduka. Akavua kila kilichovulika, akasogeza kilichobaki hadi upande mwepesi, akaifunga juu ya mbao mbili nene zilizokuwa kama nyayo zake. Mgonjwa alipotakiwa kwenda, neno lilikuwa "amka". Alipotakiwa kusimama, neno lilikuwa "lala". Zaidi ya hayo mawili hakutaka kusikia sauti ya mtu yeyote.

Na hapo ndipo palipokuwa na sheria yake kubwa, ngumu kuliko tani yoyote: mzigo ukiwa njiani, hakuna kusalimiana. Alisema mtu akisalimiwa huinua uso, na akiinua uso mkono hulegea. Sasa hebu fikiria sheria hiyo katika mji wetu, ambapo ukipita bila kumwamkia mkubwa habari inakutangulia nyumbani. Lakini yeye aliishika. Inasemekana sheikh wa msikiti wake mwenyewe alimtolea salamu wakati anateremsha jenereta, na Mnyapara akakaza macho kwenye jenereta kama hakusikia. Jenereta lilipotulia, alimkimbilia sheikh mtaa mzima, mikono imejaa grisi, ili amwitikie.

Ndivyo alivyokuwa akifanya kila mara. Salamu zote za njiani alizitunza kichwani, na kazi ikiisha alirudi nyuma kuzilipa, moja moja. "Wewe ulinisalimia pale kwenye kona, waalaikum salaam. Mama wewe ulikuwa bombani, mimi mzima, habari za watoto?" Jioni moja nilimfuata akifanya hivyo, nikahesabu watu kumi na mmoja, akiwemo mlevi ambaye hakukumbuka kama alimsalimia mtu. Kisha alikaa kunywa chai, na hapo, yule mtu wa maneno mawili aliongea mpaka chai ikapoa.

Sitaki mumwone kama mtu asiyetetereka. Aliogopa maji vibaya sana. Kabla daraja halijajengwa, alipewa kazi ya kusindikiza mashine ya kusaga hadi Geita, na ilibidi wavuke kwa kivuko. Alipanda pale Kigongo na gunia la kabari, vile vipande vya mbao vilivyochongwa upande mmoja ukawa mwembamba, vya kuzuia kitu kisibingirike. Kabla kivuko hakijang'oa nanga, alikuwa amekwisha kuweka kabari kwenye magurudumu ya gari lao, na ya gari la nyuma, na ya lori la magodoro, na ya pikipiki ya padri mmoja ambaye alikuwa bado ameikalia. Walipofika ng'ambo, Busisi, hakuna gari lililotoka mpaka alipozikusanya zote. Moja ilipungua. Watu walipiga honi, wakatukana, padri akajitolea kusali. Kumbe ilikuwa mfukoni mwa Mnyapara mwenyewe. Siku hizi anapita darajani na bado ananung'unika, anasema unavuka ziwa zima bila kufanya kazi yoyote.

Na nyumbani kwake hanyanyui hata ndoo. Mkewe, alipokuwa hai, ndiye aliyehamisha makabati, yeye akiwa amekaa kitini anatoa maelekezo. "Mume wangu anabeba vitu vya watu," alikuwa akisema.

Tuje kwenye siku yangu. Usiku uliotangulia nilichora mchoro kwenye karatasi ya grafu: mteremko, mishale ya nguvu, pembe, msuguano, kila kitu. Asubuhi nikamkabidhi Mnyapara mbele ya wenzake. Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama kwa heshima, juu chini, akaukunja mara nne na kuusukuma chini ya mguu wa jeki, ambao ulikuwa unacheza kidogo. "Umetufaa," akaniambia. Katika michoro yote niliyochora maishani, huo ndio pekee uliowahi kubeba uzito.

Kisha akanipa kabari mbili. "Mwalimu, wewe kazi yako hii. Haitaki kufikiri."

Kazi ilikwenda hivi. Mashine ilikuwa juu ya mabomba ya chuma yaliyolala chini yake kama magurudumu, imeelekea bandani, yaani inateremka. Nyuma yake, kule juu, Bwana Kamba alikuwa ameizungushia kamba jiwe kubwa la jirani, yale mawe yetu ambayo hakuna aliyewahi kuyahamisha, akawa anaiachia polepole. Mnyapara alisimama ubavuni na mtaimbo. Bwana Jeki alikuwa ndani ya banda anapanga mbao. Mimi nilikuwa mbele, nimepiga magoti. Mnyapara akisema "amka", natoa kabari, mgonjwa anashuka shubiri moja. Akisema "lala", nazisukuma kabari mbele ya bomba la kwanza, na hapo Bwana Kamba analegeza ili ashike upya. Yeye hakuniona, mashine ilikuwa katikati yetu. Aliniamini tu. Amka, lala, amka, lala. Tulikwenda vizuri kiasi kwamba nikaanza kufikiria ni kitu gani nitakachokereza kwanza.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mkwe wangu.

Alikuwa anatoka Bukoba kwa meli. Tulimtarajia kesho yake. Alikuwa na mkungu wa ndizi, na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, kifuani kama mtoto mchanga. Kwetu Kagera, nilivyolelewa mimi, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa mapenzi. Humkodolei macho. Ukikutana naye unampisha njia, unavua kofia, unainama, na mikono yako inakuwa mitupu ili aone huna jambo lingine duniani zaidi yake. Nilifunzwa hayo kabla sijafunzwa kuhesabu.

Mnyapara alisema "lala". Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama, nimepisha njia, kofia mkononi, kabari zimelala kwenye nyasi.

"Shikamoo mama. Karibu waitu," nikasema, waitu likiwa neno letu la heshima.

"Marahaba, baba."

Na nyuma yangu bomba likazunguka. Bwana Kamba alikuwa amelegeza, kama alivyopaswa. Mashine ilikuja hatua moja, si zaidi, lakini ilikuwa hatua ya kitu cha tani moja, na mbele yake nilikuwa mimi, nimeipa mgongo, nimeinama. Mnyapara alichomeka mtaimbo chini ya mbao na kuuegemea kwa mwili wote. Mashine ilisita, ikageuka kidogo, ikateremsha kona ya ubao juu ya mguu wake, ikasimama hapo.

Hakupiga kelele. Alisema tena, taratibu, "Lala." Safari hii nililala pamoja na kabari. Alipohakikisha zimekaa, aliinua uso wenye jasho, akamtazama mama mkwe wangu. Mzigo ulikuwa umetulia, kwa hiyo salamu zilikuwa halali.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Karibu Mwanza." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mpokee mama mzigo. Bwana Jeki, njoo na jeki, haraka kidogo."

Mama alipouliza kumetokea nini, Mnyapara alimjibu kabla sijafungua mdomo. "Kamba imeteleza, mama. Ni mambo ya kazi."

Hospitali walivikata vidole viwili. Siku ya nne alirudi na fimbo, akaiingiza mashine bandani na kuiweka sawa juu ya mbao zake, imenyooka hata birika la maji likimwagwa juu yake maji yasijue pa kwenda. Mimi sikupewa kabari.

Sasa nieleze faida niliyopata. Kwanza, mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili na bado yuko nasi, aliwaambia ndugu wote wa Bukoba kwamba katika wakwe zake wanne mimi ndiye mwenye adabu kuliko wote, maana aliponitokea nilikuwa kwenye kazi nzito na niliiacha ili nimwamkie. Hadithi hiyo imesimuliwa kwenye harusi mbili mbele yangu. Nami nilitabasamu na kutazama sahani. Pili, nimekereza bolti kadhaa ambazo hazijapata nati ya kuolewa nayo duniani, pamoja na msukumio mmoja wa chuma wa chapati, ambao mke wangu anautumia kuzuia mlango. Yeye chapati anasukuma kwa chupa.

Hasara aliipata Bwana Kamba. Neno lile la kamba kuteleza alilisikia, akaliamini, maana mikononi mwake kweli kamba ilikimbia. Tangu siku hiyo, mahali pa kuzungusha kamba mara mbili alizungusha mara nne. Akaanza kuuliza "nilegeze?" kabla ya kulegeza, mzee mzima, kama mtu wa siku ya kwanza kazini. Nilimwona akifanya hivyo pale Mwaloni, wakishusha jokofu, na nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Nilinunua sato wangu nikaondoka. Nilijiambia nitamweleza Ijumaa. Ijumaa nyingi zimepita tangu hapo.

Mwezi uliopita Mnyapara alituma mtu aniite. Miguu yake imeisha nguvu. Anakaa Mabatini, juu kabisa kwenye mawe, nyumba ambayo njia yake ni ngazi nyembamba iliyopita katikati ya majabali, na binti yake alikuwa amempangia chumba chini, karibu na barabara. Kubebwa mgongoni alikataa. Alisema yeye si gunia.

Nilimkuta kitini, kiti kimeshafungiwa miti miwili ubavuni, kushoto na kulia. Nilimpelekea fimbo niliyomkerezea mwenyewe, ya chuma. Aliipima mkononi. "Huyu naye ni mgonjwa," akasema, akamwachia binti yake aje nayo baadaye.

Kisha akatupanga. Bwana Kamba nyuma, ashike ncha zote mbili. Bwana Jeki mbele kulia. "Mwalimu, mbele kushoto. Pale uzito unapokuja."

Nilimtazama. Hakutania.

"Amka," akasema mwenyewe, na tukamwamsha.

Tulishuka. Mnyapara alitoa maelekezo yeye mwenyewe, safari hii zaidi ya maneno mawili: jiwe hili, legeza, mgonjwa ana uzito upande wa kichwa. Bwana Kamba aliuliza "nilegeze?" kwenye kila kona. Jasho likaniingia machoni. Na tulipofika pale penye ngazi nyembamba kuliko zote, nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu anapanda kuja kwetu, na kopo la senene kifuani. Alikuwa amesikia yule aliyeumizwa na kamba iliyoteleza anahama, akataka kumjulia hali.

Alisimama, akajibana kwenye jiwe. Alikuwa ananingojea. Alikuwa na haki ya kungoja, miaka yote sijawahi kumpita. Mgongoni nilihisi Mnyapara ameacha hata kupumua.

Nikamtazama mama mkwe usoni, kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu nilihitaji kuona kama bega langu litapita. Sikuinama. Sikusema neno. Nilimpita hivyo hivyo, kwapa langu karibu na pua yake, mikono yote miwili kwenye mti. Nyuma nikasikia amesema "Haa!" na sauti ya kopo likigonga jiwe.

"Lala," Mnyapara akasema tulipofika barabarani. Tukamlaza. Mama alikuwa ametufuata, anahema, macho yake bado yana yale niliyomfanyia.

"Mwalimu," Mnyapara akasema, "mgonjwa ametulia. Unadaiwa."

Nilijua hakumaanisha salamu peke yake. Nikamgeukia Bwana Kamba, aliyekuwa bado ameshika miti.

"Ile siku haikuwa kamba," nikasema. "Ulilegeza sawasawa. Mimi sikuweka kabari. Nilisimama ili nimwamkie mama."

Bwana Kamba aliachia miti. Akakaa juu ya jiwe, akafungua viganja vyake, akaviangalia kimoja kimoja.

"Mwarimu," akasema kwa lafudhi ya kwao, "miaka sita mimi narara na ile kamba."

Nikamuuliza Mnyapara, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kugawana naye, mbona hakusema.

"Nilisema kamba kwa ajili ya siku ile tu," akajibu. "Mama apite na heshima yako. Nikajua kesho utasema mwenyewe. Kumbe kesho yako ndefu." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Na mimi nimekukosea. Nilimngojea huyu, nikakusahau wewe." Bwana Kamba alitikisa kichwa, hakuinua uso.

Nikafanya nililobakiwa nalo. Nikavua kofia, nikapisha njia, nikainama mbele ya mama mkwe wangu, vizuri kuliko siku zote.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama kandambili ya Mnyapara na vidole vyake vitatu, kisha viganja vya Bwana Kamba.

"Ngoja kwanza," akaniambia.

Akanipita. Akapiga magoti pale kwenye kokoto mbele ya Bwana Kamba, mama wa miaka yake, akampa pole, akalifungua lile kopo na kumwekea senene viganjani, kiganja hiki, kisha hiki. Akahamia kwa Mnyapara, akampa pole naye, akamuuliza habari za mguu, habari za nyumba mpya, habari za marehemu mkewe, moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote. Mimi nilibaki nimeinama pale pale kando ya barabara, mikono mitupu, nangoja marahaba yangu.